Suhaila na Mkono wa Idi

Mdomo uliponza kichwa, na wa Suhaila ulikuwa mdomo usiojua kupumzika. Mwezi mzima wa Ramadhani, akitoka shule, msichana huyu wa miaka kumi na sita alisimama sokoni Kuala Besut akikaanga keropok, vile vijiti vya samaki na unga, kwenye banda la mama yake mdogo, Rokiah. Kufunga huku unanusa vitu vya kukaanga si mchezo. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye raketi ya badminton, nyekundu, inayoning'inia dukani karibu na stendi. Alishachoka kuazima za watu na kusimangwa. Mshahara wake, ukijumlisha mkono wa Idi wa wajomba na mashangazi, ungetosha kuinunua.

Angenyamaza, yangeishia hapo. Wapi! Kila mteja alihubiriwa.

"Mimi sasa najitegemea, mama. Siombi mtu!"

"We mtoto," mama mdogo alimfinya, "funga na huo mdomo. Idi inakuja."

Hakusikia. Na kwao, anayepata mshahara ndiye anayetoa bahasha za mkono wa Idi.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, Suhaila alipiga magoti mbele ya mjomba Hasnul, akambusu mkono, akaomba msamaha wa mwaka mzima, kisha akabaki pale pale, macho mfukoni kwa mjomba.

"Unangoja nini?"

"Bahasha yangu, mjomba."

"Bahasha? Mtu mwenye mshahara? Toka hapa! Kakae kule na wakubwa wenzio."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata hajakaa, watoto wa ndugu walishajipanga, mikono mbele, Haqim wa miaka mitano akiongoza.

"Dada, mimi nataka noti. Sarafu sitaki."

"Nani kakwambia nina noti?"

"Soko zima."

Bibi alimpitishia chini chini rundo la bahasha tupu. Suhaila akaingia nazo chumbani, akakaa kitandani na akiba yake, akaiona raketi ikienda zake. Roho ilimuuma, tuseme ukweli. Angeweza kusingizia tumbo. Lakini kuitwa bahili mbele ya ukoo, hilo asingelivumilia. Akajaza bahasha, akatoka, akaketi kama shangazi wa siku nyingi.

Walimbusu mkono mmoja mmoja. Walipofika katikati, alishaanza kunogewa. "Usome, sawa? Usimsumbue mama yako," akawa anawaambia, maneno yale yale aliyokuwa akichukia kuambiwa.

Mwisho wa mstari alisimama kaka yake Firdaus, mrefu kuliko wote, kajikunja kitoto. Mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akigawa. Lakini kabla ya Ramadhani kiwanda alikofanya kazi kilipunguza watu, naye akapunguzwa.

"Shikamoo, dada tajiri," alisema, akakinga mkono. Watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

Suhaila alicheka pia. Kisha akaona mkono ule haurudi nyuma. Kaka alikuwa akitabasamu, lakini macho aliyainamisha.

Bahasha zilikuwa zimekwisha. Akachomoa mfukoni noti zote zilizobaki, akazikunja ndogo, akamsukumia kiganjani upesi, watu wasione.

"Ukanunue sigara, uone!" alimkaripia kwa sauti, ili waendelee kucheka.

Firdaus alipiga magoti, akambusu mdogo wake mkono, taratibu, kama anavyobusiwa mkubwa.