Kidole Gumba na Mbega wa Muyama

Mama yangu alimnyang'anya binti yangu mtoto wake wa gunzi, nami nikawaka hivi kwamba jirani alikuja kuchungulia uani. Sikumjali. Mimi nikikasirika nakasirika, na siku ile nilikuwa na haki.

Ilikuwa likizo, tuko Muyama kwa mama. Nafundisha baiolojia sekondari, Kasulu mjini, na kila shule zikifungwa nampeleka binti akadeke kwa bibi yake. Basi alikuwa amejifunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha khanga, anazunguka nalo uani, analiimbia lilale. Mama akatoka jikoni, akamfungua khanga, akaingia na gunzi ndani. Mtoto akaangua kilio.

Huyu binti yangu alizaliwa mkono wa kulia una vidole vinne. Kidole gumba hakipo, pana kinundu tu, kilaini. Anachora, anafunga vifungo, anamenya karanga, vyote kwa mtindo wake. Nami siku zote nilidhani mama anauonea aibu ule mkono, maana tangu siku ya kwanza alikuwa akimtazama mtoto na machozi yanamlengalenga.

"Mama, una roho gani?" nikamwambia. "Mkono wa mwanangu unakukera nini?"

"Mkono? Nani kasema mkono? Mkono una neno gani?"

"Sasa hilo gunzi limekukosea nini?"

Akakaa kwenye kigoda, akajifuta uso kwa upindo wa khanga. "Sitaki azoee kubeba mtoto. Akizoea, baadaye ataumia. Mimi nayajua hayo, mwanangu. Nesi aliniambia siku ulipomzaa, wewe ukiwa bado umelala na dawa za upasuaji. Aliniambia mtoto ana gumba."

Ndipo nikaelewa.

Kwetu nyumbani tunasema Kiha. Kiswahili mama alikiokota sokoni na kanisani, akakitumia kama alivyokiokota. Kidole kile kwa Kiha ni igikumu. Ingumba ni mwanamke asiyezaa. Na ile herufi h, sisi Waha tunaipachika tukipenda na kuiacha tukipenda; "hana" na "ana" zikitutoka mdomoni ni mapacha. Yule nesi alikuwa mgeni, wa Kiswahili cha pwani. Alimwonyesha mama kile kiganja kidogo, akamwambia kwa upole: hana gumba. Mama akasikia ana gumba, yaani ni ingumba. Mama kuona kidole hakipo hakukumshtua, macho anayo. Kilichommaliza ni lile neno.

Lilimmaliza kwa sababu alishawahi kuitwa hivyo. Aliolewa miaka mingi kabla sijazaliwa mimi, na nilipozaliwa sikupata mdogo. Upande wa baba walimwita ingumba mbele yake, chakula kikigawanywa. Halafu mjukuu wake wa kwanza anazaliwa, na neno linamsubiri hospitali! Ndiyo maana hakupiga vigelegele. Mwanamke wa kwetu ajifungue salama, mama yake anyamaze kimya! Niliumia sana. Uchungu ule niliubeba miaka sita, hadi mtoto anakaribia kuanza darasa la kwanza.

Nikamweleza kisa cha lile neno, mara ya kwanza, mara ya pili. Akatikisa kichwa.

"Wewe ni mwalimu. Unajua kupanga maneno ya kunituliza."

"Haya. Kesho tunakwenda shambani wote. Na hilo gunzi ulibebe."

Shamba la mama liko bondeni, linapakana na msitu wa mtoni. Mama amefukuza nyani pale tangu ujana wake, kwa hiyo wanyama hao hana haja ya kuchorewa ubaoni. Tulikaa ukingoni mwa mahindi, mtoto katikati yetu, nikaanza kumuuliza kama ninavyowauliza wanafunzi wangu. Nyani anaibaje?

"Anavunja hindi, analishika, analimenya kama mtu, mshenzi yule!"

"Na tumbili?"

"Anajaza mashavu, huyo, anakimbia. Anakwenda kutafunia mbele."

"Na mbega? Umeshamfukuza mbega kwenye mahindi?"

Akacheka. "Mbega ana habari gani na mahindi? Anakula majani yake huko juu."

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Nikamwambia tumbo la mbega lina vyumba, linataka kufanana na la ng'ombe, ndiyo maana majani yanamshibisha. Mashavuni hana mifuko ya kuwekea chakula kama tumbili. Na mkononi, nyani ana kidole gumba cha kushikia na kuchokonolea mizizi. Mbega amebaki na kinundu.

"Nani alimkata?"

"Hakukatwa, mama. Wala hakuamua kukiacha." Hili huwa linanipandisha presha nikisahihisha mitihani, watoto wanaandika eti mbega aliona hakimfai akakitupa. Zamani huko walizaliwa wengine na kidole kifupi. Juu ya miti, vidole vinne virefu vinanasa tawi na kuliachia upesi, hakuna cha kukwama. Wataalamu wanadhani ndiyo sababu. Wale wakaishi vizuri, wakazaa, na watoto wao wakazaa.

Binti yangu si mbega, jamani, na ole wake atakayemwita hivyo nikamsikia. Yeye alizaliwa tu hivyo, kama mwingine anavyozaliwa na jicho moja dogo. Nilichotaka mama akione ni kitu kimoja.

Tulingoja jua likawa kali. Kisha matawi ng'ambo ya mto yakaanza kutikisika, mbega wekundu wakapita wakirukaruka. Mmoja akasimama wazi kabisa, mkono umelishika tawi la juu, vidole vinne. Tumboni kwake ameng'ang'ania mtoto.

Mama akasimama. "Huyo naye hana gumba?"

"Hana. Hakuna hata mmoja wao mwenye nalo."

"Na amezaa."

"Amezaa, mama."

Akamwita mjukuu wake, akaushika ule mkono, akakipapasa kinundu. Hakuwahi kukigusa mbele yangu. Kisha akainua mikono yake mwenyewe, akavitazama vidole gumba vyake vyote viwili.

"Kumbe gumba ni hiki? Mimi ninayo mawili, nikazaa mmoja. Huyu analo moja tu, si atatujazia nyumba!"

"Aanze kwanza darasa la kwanza," nikasema, huku nalia.

Akalitoa gunzi kikapuni. Alikuwa amelivisha kitambaa cheupe, sijui saa ngapi. Akaliweka mgongoni kwa mtoto, na mtoto akajifunga khanga mwenyewe, ncha moja kati ya vidole vyake viwili virefu, nyingine mkono wa kushoto, akakaza.

Ndipo mama akatupa kichwa nyuma, akapiga vigelegele. Alipiga kwa pumzi zake zote, mpaka mbega wakatimka na msitu ukabaki ukitikisika.

"Bibi, kuna harusi?" mtoto akauliza.

"Hapana. Mama yako kajifungua."

"Kamzaa nani?"

"Wewe."