Baraza ya Mjomba Marhoun

Mjomba wangu Marhoun alifika Ibra, huko Uarabuni, kutoka Wete mwaka 1973, na sanduku moja na maneno ya marehemu babake: nyumba ya wazee wetu iko ukingoni mwa falaji, ule mfereji wa maji, chini ya msikiti, ina mlango mmoja. Basi. Akaingia mtaa wa kale, nami nyuma yake, mtaa ambao wenyewe walikuwa wanauhama, akaikuta. Chumba kimoja cha udongo, maji yanapita ndani, na katikati benchi refu la mawe.

"Rahila, njoo uone! Baraza!" aliniita, machozi yakimlengalenga. "Kumbe baraza zetu za Wete asili yake hapa."

Nilikuwa na haraka zangu. Sikutazama vizuri, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Miaka tisa. Kila Ijumaa baada ya sala alifagia, akatandika mkeka juu ya mawe yale, akaweka tende na birika la kahawa, akangoja mtu wa Ibra aingie, akae, aseme: ndiyo, babu yako tunamjua. Hakutaka kingine duniani. Watu walipita, wakamsalimia kwa heshima kutoka mlangoni, wakamwombea dua ndefu, wakaenda zao. Hakuna aliyevua viatu. Birika alirudi nalo limejaa.

"Kiarabu changu kibovu," alisema. "Wananiona mgeni."

Nikawachukia watu wale kwa moyo wangu wote. Mwaka 1982 nikamwendea Hashil, msimamizi wa zamu za maji, nikamfokea: mzee wa watu amewakosea nini?

"Binti yangu, pale si nyumba. Pale tulikuwa tukiosha maiti. Tulidhani anatusafishia kwa thawabu, tukampenda mno."

"Na kahawa?"

"Hiyo kahawa ilitushinda, wallahi. Tukaona haya kuuliza."

Nikamwambia mjomba siku ile ile. Alicheka kidogo, kisha akalia waziwazi. Nyumba ya babu hatukuipata. Hashil alidhani ilichukuliwa na mafuriko ya wadi, lile bonde la mto, zamani. Ijumaa iliyofuata mjomba alichukua ufagio, birika akaliacha.

"Siku yangu ikifika, nioshwe pale," akanambia. "Angalau wataingia."

Waliingia, mwaka 1986, Hashil mbele na wanaume wanne nyuma yake, viatu wameviacha mlangoni.