Wanyama wa Kabula kwenye mazizi ya watu

Mmekaa huko Mwanza mpaka mbwa wangu akiwaona atawabwekea. Aibu yenu.

Leo mmekosa kitu.

Wajukuu zangu wanne walikuwa wanacheza karata, zile za majoka na wanyama wa kichawi. Kila mtu na kundi lake, anayemalizwa anatoka.

Kabula hutoka wa kwanza kila siku. Leo Masanja akamwambia, "Ukitoka wa kwanza tena, nafasi yako tunampa mwingine."

Mtoto akaanza kugawa wanyama wake kwa wenzake. "Nitunzie huyu. Na wewe, huyu." Karata zake zinaruhusu: mnyama anakaa kwako, ila mwenyewe akimwita anarudi.

Masanja akacheka. "Dada ameshakata tamaa."

Marehemu babu yenu aliwekesha ng'ombe hivyo hivyo, wengine kwa rafiki wa kijiji cha Zagayu, wengine kijiji cha Ngulyati. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mali haiishi yote. Kuwekesha huko tunaita kubilisa.

Masanja akatoa joka lake likachome kwa Kabula. Likakuta zizi karibu tupu.

Ndipo Kabula akawaita wanyama wake. Kumbe, joka likiwa nje, ndio waliokuwa wanamlinda Masanja! Akabaki bila ulinzi, wakammaliza, akatoka wa kwanza.

Masanja akanigeukia. "Bibi, umemfundisha wewe."

Sijamfundisha. Anakaa na mimi, na ana macho.

Haya nasema mimi, Kabula anaandika. Akipunguza sifa zake nitajua.

Mkija, leteni sukari na karata zenu. Kabula akikuomba umtunzie mnyama, kataa.