Bati Lililolia kwa Mjomba Bakari

Fundi wa mageti jirani yangu akichomelea bati, mimi hutoka nje nikateme mate. Moshi wake mweupe una utamu, utamu wa kuchefua unaoganda nyuma ya ulimi hata chakula cha mchana kisilike. Niliuonja kwanza Amu, miaka ya hamsini, ningali mtoto wa chuo cha Kurani, na aliyenionjesha ni Mjomba Bakari. Nitajaribu kumtendea haki, ingawa roho yangu inakataa hata leo.

Alikuwa ndugu mdogo wa Mama. Alirudi kutoka Mombasa, alikokuwa akimfagilia fundi wa redio, na kikapu cha takataka: betri za tochi, kondensa zilizong'olewa redioni, waya aliouzungusha kwenye kigongo cha mti, na kidude cha kusikilizia cha sikio moja, kimejaa nta za masikio ya watu. Alisema bati likiunguzwa sawasawa, kisha likaguswa na ncha ya waya mwembamba mahali panapotakikana, umeme wa betri hutetemeka wenyewe ukatoa sauti. Bila redio, bila zile taa zake za kioo. Sijui kama naeleza vizuri, nilisoma kidogo.

Kutwa alichutama uani akilidonoa bati kwa waya kama kuku, kinywa wazi, mate yakimdondoka. "Lalia hilo, lalia!" hupiga kelele, yaani linatoa sauti. Baba akipewa kidude hasikii kitu. Niseme kweli, mkono wa Mjomba ulitikisika, na ncha ikihama kidogo tu sauti hufa. Baba akakata shauri: Bakari amerukwa na akili, kesho atapelekwa kijijini Siyu kwa mwalimu akasomewe dua, akae huko mpaka apoe.

Jioni hiyo Mama alikuwa akipika udi wa kufukizia, alioagizwa kwa ajili ya bibi harusi. Aliacha sufuria juu ya seredani ya makaa, sukari inayeyuka, akaenda kusali alasiri. Mjomba, mabati yamemwishia, akaona makaa mazuri. Akakata ukanda wa ndoo ya bati ya chooni iliyotoboka, ile ya maji ya kuchambia, ukoga wa kijani umeushika, akausukuma motoni chini ya udi.

Moshi ulipopanda nilitapika kwenye leso yangu. Mama alitoka mbio na buibui lake la kusalia.

"Bakari! Ndoo ya choo kwenye moto wa udi? Kitwa chako kimeingiwa na nini?"

"Moto umeshaitwahirisha, dada."

"Mwalimu gani aliyekusomesha hayo? Najisi haitoki kwa kuchomwa!"

"Basi sikiza kwanza, ndipo unipige. Hili limeungua vizuri. Sikiza wewe."

Alikuwa akimlilia, hasa. Mama alikishika kidude kwa ncha za vidole, akakifuta kwa pindo la leso, akakifuta tena, akakiweka sikioni kana kwamba amepewa panya. Mjomba alidonoa, akahama, akadonoa, akatulia.

"Mbu," Mama alisema.

"Wasikia?"

"Nimesema mbu! Analia mbu humu ndani. Kwa mbu mmoja umenajisi udi wa watu? Mbu si tele mitaroni?"

Mjomba akacheka, meno yote nje, mekundu kwa tambuu. Nilimchukia kwa kicheko kile. Mama alimwaga udi wote, ingawa ulinukia vizuri na bibi harusi asingejua, akamfukuza uani. Lakini Baba aliporudi, Mama alimwambia, pua bado imekunjwa: "Lina sauti lile dude. Mchafu ni mchafu, ila wazimu hana." Safari ya Siyu ikafia hapo.

Miaka mingi nilidhani alicheka kwa kukosa haya. Siku hizi, kwa uzee, huwauliza wanangu kama nao wamesikia mtu akipiga hodi, nao hutazamana tu, nami usingizi hunipaa. Ndipo nilipomwelewa. Huenda nakosea, lakini nadhani siku zote zile, akiisikia sauti ile peke yake, Mjomba naye alikuwa ameshaanza kumwamini Baba, kwamba akili zimemruka.