Nyungu Yenye Matundu

Mwanangu unayenisoma, nakumbuka siku moja ya ubibi arusi wangu, na nikiikumbuka uso bado unaniwaka.

Nilikuwa msichana wa kambi ya wafanyakazi hapa Likasi, mtu wa sufuria za dukani. Nilipoolewa tukaenda Kapolowe kumsalimu mama mkwe. Nikataka sifa! Yeye akiwa shambani nilifagia ua mzima, na nyuma ya jiko nikakuta nyungu ya udongo imejaa matundu kitakoni. Wazee nao hawatupi kitu, nikajisemea. Nikaiponda, vigae nikavimwaga penye tope la mlangoni.

Aliporudi alisimama juu ya vigae vile.

"Mama, ilikuwa ya kutoboka," nikasema.

"Ile matundu njo kazi yake, mutoto yangu. Miye natia mule majivu, namwanga maji juu, inatona polepole. Njo munyu ya kikanda. Ile nyungu ilikuwa ya mama yangu."

Akaingia ndani. Heri angenitukana.

Kikanda unakijua: viazi vya porini vilivyotwangwa, vikapikwa na karanga hadi vishikane, tukavikata kama mkate. Tangu siku ile alikipika kwa soda ya dukani badala ya munyu, ile chumvi ya majivu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogeza sahani kando. Miaka yote aliyobaki hai sikumwuliza alichoma majani gani kupata majivu yake. Aibu ilinifunga mdomo. Sasa hayupo, nami natamani kipande kimoja tu cha kikanda alichonikaribishia nilipofika kwake mara ya kwanza. Natamani mno.

Juzi vijana wa parokia yetu walifungua chumba cha makumbusho: vinu, mawe ya kusagia, nyungu. Moja ilikuwa na matundu, na kikaratasi kando yake: "Matumizi hayajulikani." Nilieleza kwa furaha, kijana akaandika mbiombio. Kisha akauliza, "Mama, majivu ya majani gani?"

Kalamu yake ikangoja.

Basi, mwanangu, chombo cha bibi yako kipeleke makumbusho, ni vema. Lakini kwanza kaa naye jikoni. Muulize, onja, andika. Kama ulimkosea, omba radhi kisha uulize vilevile.

Mungu akulinde, mwanangu, na bibi yako akujibu angali na sauti.