Sufuria Mbili za Naif

Nilitua Dubai na begi moja na stashahada ya utayarishaji wa video. Nilirudi Morogoro na vifaa vya kujaza kontena, na leo studio yangu ina ghorofa. Hakuna mjomba wala mbunge aliyenibeba. Natanguliza hayo ili msomaji ajue kwamba ninapomdharau mtu wa filamu, namdharau nikiwa naijua kazi yenyewe.

Madam aliyeniajiri kwa wiki tatu alikuwa akitengeneza filamu za maisha halisi, na alikuja Dubai kutafuta upatanisho kama watu wengine wanavyokuja kutafuta dhahabu. Alikuwa amesikia kwamba wanaume wawili kutoka kaskazini ya Uganda, waliozaliwa pande mbili za vita vya kwao, wanalala chumba kimoja mtaa wa Naif, kitanda cha juu na cha chini. Wa juu alikuwa mtu mzima, mlinzi wa duka kubwa. Wa chini alikuwa mdogo kwake kwa miaka kama kumi, mfua mashuka wa hoteli. Lugha za mama zao ni mbili, kwa hiyo walisemezana kwa Kiswahili, nami nikaajiriwa kupiga picha na kutafsiri. Kwa madam hadithi ilikuwa imeshakwisha: maadui wa jana leo wanakoroma pamoja.

Mimi nimeishi Karama, mtaa mwingine wa Dubai, miaka minne, watu sita chumba kimoja, na sheria ya vyumba hivyo naijua. Mnachanga, mnapika kwa zamu, sufuria ni moja. Kile chumba cha Naif kilikuwa na sufuria tatu. Wakazi wanne walikuwa na yao kubwa. Hawa wawili kila mmoja alikuwa na yake ndogo, na sahani yake, na kijiko chake, kila mtu kwenye pembe yake. Nikamwambia madam tuanzie hapo. Akasema vyombo vinachafua picha, akazisukuma sufuria mbili chini ya kitanda kwa ncha ya kiatu. Mtu amesoma mpaka udaktari wa falsafa, halafu hadithi yenyewe anaipiga teke.

Nilimuuliza mlinzi habari za sufuria, peke yangu, tukiwa tunasubiri lifti. Akanieleza kwamba kwao huli na ukoo uliomwaga damu ya ndugu yako mpaka wazee wa pande zote wakae na jambo lisemwe. Ukila kabla ya hapo, kifo kinahamia kwako. Mdogo wake alichukuliwa na wapiganaji, na mkuu wao alikuwa baba mdogo wa huyu mfua mashuka. Mwili haukuonekana. Mama yao sasa ni mzee, na kila jirani anapozikwa anauliza wa kwake atazikwa lini.

"Huyu anajua," alisema. "Alikuwa mtoto, lakini alikuwepo. Miaka miwili nalala juu yake, nangoja."

Nikamuuliza kwa nini hamuulizi. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiye na adabu. Ukimuuliza umemshitaki, alisema. Lazima aseme mwenyewe.

Hayo yote nikamfikishia madam. Akatikisa kichwa kwa huruma nyingi, akaniambia ndiyo maana anataka wale chakula pamoja mbele ya kamera, liwe pigo la mwisho kwa chuki. Tena akataka tuende Hatta, nje ya mji, kwa kuwa milima ya huko itafanana na kwao. Kwao ni tambarare. Nilimwambia hilo pia.

Basi tukaenda Hatta. Madam akatandika mkeka kando ya bwawa, akaweka sinia la biriani, akawapanga wale wawili goti kwa goti na vipaza sauti vifuani. Nikawasha kamera. Hakuna aliyenyoosha mkono. Madam akaniambia nimwambie mlinzi ajifanye anakula, tonge moja tu, jua linahama. Nikatafsiri, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya. Mlinzi alikuwa na uchovu wa siku nzima usoni, na ni mtu wa kutii wakubwa. Akakunja mkono wa shati, akapeleka vidole kwenye wali.

Yule mfua mashuka akamshika kifundo cha mkono.

"Mzee, usiguse," akasema taratibu. "Ukifa kwa chakula cha filamu, nitamwambia nini mama yako?"

 Mkono wa mlinzi ulibaki hapo hapo juu ya wali.

"Nitakwambia alipo," yule kijana akaongeza.

Nikazima kamera, nikafunika lenzi, nikawavua vipaza sauti. Madam akauliza kuna nini. Nikamwambia betri imekufa. Kwenye begi nilikuwa na tatu zilizojaa, na stashahada yangu inanitaka nirekodi. Lakini mimi si mpumbavu. Nikamchukua mpaka kwenye gari kutafuta betri, nikaitafuta muda mrefu sana. Toka pale niliwaona: mdogo anachora mchangani kwa kijiti, mkubwa ameinama juu ya mchoro, kisha anaupiga picha kwa simu yake.

Tuliporudi madam aliona machozi akafurahi, akaomba wapeane mikono. Wakapeana mara nne, kwa pembe nne za kamera. Mkono kwao ni salamu tu, hata mtoza ushuru anapewa. Sinia lilirudi zima.

Miezi mitatu baadaye filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa hoteli. Mkono uliwekewa muziki wa kinanda, watu wakajifuta macho. Mtu mmoja akauliza hao wapatanishwa wako wapi, tuwapigie makofi. Madam akasema mmoja yuko zamu, na mwingine, kwa bahati mbaya, amechukua likizo.

Simu yangu ilitikisika mfukoni wakati bado wanapiga makofi. Ulikuwa ujumbe wa mlinzi, kutoka kwao.

"Tumempata pale pale alipochora. Wazee wa pande zote wamekaa. Kesho tunazika. Mwambie huyo kijana asitupe sufuria yangu, lakini akipika leo, apike chakula cha watu wawili, azoee. Nakuja."

Sikumwonyesha madam.