Kabati Lililomkataa Mama Pacha

Kabati la chuma lilikuwa linachagua watu.

Karani akipita karibu yake, kimya. Bosi akiliegemea, kimya. Akija Mama Pacha na ndoo yake ya deki, linapiga ukelele kiwanda kizima kinaacha kazi.

Siku tatu mfululizo, asubuhi, mbele za watu.

Siku ya nne karani akabonyeza namba zake, akalifungua, akakuta mafaili matatu hayamo.

Sasa niambie wewe unayesoma: kwa akili za wakubwa, mwizi nani?

Naandika nikiwa na hasira, na sitaiombea radhi. Kiwandani wananiita Mdomo. Shule niliishia njiani. Umeme nimejifunza kwa kufungua redio mbovu, sheria za kazi nimezisoma mwenyewe kwenye benchi nikisubiri zamu. Na sisahau. Aliyefunga bomba letu la maji ya kunywa, aliyetuletea glavu zilizochanika, nawakumbuka kwa tarehe na kwa saini.

Mafaili yale yalikuwa ya watu watatu waliokatwa vidole na mashine ya mabati. Mmoja ni mzee wetu tunayemwita Saba, maana ndivyo alivyobakiwa navyo. Mkaguzi wa kazi alikuwa anakuja Ijumaa kuyasoma.

Ndiyo maana sisi wafanyakazi wenyewe tulidai kabati liwekewe kengele.

Na fundi aliyeifunga ni mimi.

Kengele yenyewe inaamshwa na sensa, kifaa kinachohisi mtu, na sensa haingoji kuguswa. Unaunganisha waya na kabati, kabati lote linakuwa kama ngozi. Mwili wa mtu ukisogea karibu tu, umeme kidogo uliomo unabadilika, kengele inalia. Mwenye ruhusa anabonyeza kwanza namba zake kwenye kisanduku cha mlangoni, nacho kinaandika nani kafungua na saa ngapi.

Mama Pacha namba hana. Ana watoto wawili wa tumbo moja, na mume aliyekwenda kutafuta maisha akasahau kurudi. Asubuhi ile alipewa barua ya kufukuzwa, akaambiwa akae hapo hapo, askari wanakuja saa nane.

Nilimkuta kwenye ngazi, barua mapajani.

"Mwanangu Mdomo, mafaili ya watu nikayafanyie nini? Mimi kusoma kwenyewe naunganisha herufi."

"Najua, mama."

"Kama unajua, mbona mashine yako inanitaja mimi?"

Nikaona niende nikaiulize mashine yenyewe. Mimi! Ambaye huwa sikosi jibu!

Saa ya chakula nikaingia ofisini. Nikaliwekea kabati mkono. Kimya. Nikalikumbatia kama mchumba. Kimya.

Nikawaza: Mama Pacha hulifikia sakafu ikiwa na maji.

Nikamwaga maji ya kikombe sakafuni, nikayakanyaga, nikagusa tena.

Likalia!

Nikalizima, nikakaa chini. Maana hapo ndipo nilipokumbuka.

Sensa ikiwashwa mara ya kwanza inafundishwa chumba kitupu. Watu wote wanarudi nyuma hatua tatu, dakika moja nzima, mashine ijue utupu ukoje. Siku naifunga, bosi alikuwa ameegemeza mgongo kwenye kabati lile lile, mikono mfukoni.

"Hebu nieleze, fundi, hii kitu inafanyaje kazi?"

Nikamweleza yote. Hata kwamba wote tunatakiwa turudi nyuma. Yeye akacheka, akabaki pale pale.

Nikawasha.

Mashine ikajifunza kwamba mtu aliyelalia kabati ndiyo utupu wenyewe. Kuanzia hapo mwili mkavu haukuishtua. Ilisubiri kitu kinachozidi hapo, na kwa kuwa maji yanapitisha umeme, kilichozidi ni mama mmoja amesimama kwenye maji ya deki.

Saa nane tukajaa ofisini. Bosi, mwakilishi wa wenye kiwanda, askari wawili, Mama Pacha, na Saba akituwakilisha. Kengele nilikuwa nimeiwasha.

"Huyu mama hana kosa," nikaanza. "Sensa..."

"Tusipotezeane muda," bosi akadakia. "Yalikuwa hapa!"

Akaenda mbio mpaka kwenye kabati, akachomeka ufunguo, akavuta droo, akatuonyesha pengo. "Hapa! Mnaona?"

Tuliona.

Hakuna kilicholia.

Saba akakohoa. "Bosi, samahani mwanangu. Namba hujabonyeza."

"Nimebonyeza."

"Zinabonyezwa kule mlangoni, wewe umekuja moja kwa moja. Kama mtu aliyezoea."

Mwakilishi akasoma kisanduku. Wa mwisho kuandikwa ni karani, asubuhi ile. Bosi hakuwemo hata mara moja tangu kifungwe.

Basi akanigeukia mimi. "Fundi kaharibu mashine, halafu mnanitazama mimi?"

Ningeweza kukana. Nilimtazama Mama Pacha, barua imelowa jasho mkononi mwake.

"Ni kweli, nimeiharibu," nikasema. "Nilipokuwa naifundisha ulikuwa umeliegemea, nikaona haya kukuambia usogee. Ndiyo maana haikujui wewe, inamjua yeye."

Bosi akaangua kicheko. Pamoja na hali yake kuwa mbaya, alicheka.

"Wewe? Wewe unayenitukana getini kila Jumatatu na kipaza sauti? Uliona haya?"

Hakuna aliyenitetea. Saba alitazama viatu vyake.

Askari wakaomba ufunguo wa gari la bosi. Chini ya tairi la akiba wakatoa mafaili mawili. La Saba halikuwemo, na mpaka leo ninapoandika halijaonekana. Ijumaa mkaguzi alisoma mawili, la tatu akaandika "hakuna kumbukumbu". Mzee wa watu anatembea na mikono yake, halafu hakuna kumbukumbu!

Bosi hakulala rumande hata siku moja. Amehamishiwa tawi lingine, na cheo kimepanda. Tarehe nimeiandika.

Mama Pacha alirudishwa kazini kesho yake. Nilimfuata koridoni.

"Mama, nisamehe. Nusura ufungwe kwa sababu nilishindwa kumwambia mtu asogee."

Akakamua tambara, taratibu, bila kuniangalia.

"Yule? Mimi namwambia kila siku. 'Bosi, inua miguu nipige deki.' Anainua."

Akanipita na ndoo yake.

Nimewaandikia nyie mnaoshika vipaza sauti kama mimi. Getini, na watu mia nyuma yako, kila mtu ni shujaa. Jipime siku mko wawili tu chumbani, wewe na mkubwa, na yeye amesimama pasipomhusu.